Pointi ya Pili

Kaka yangu ana suti moja ya kijivu, na kila mwaka, wiki mbili kabla ya mkutano, huniletea niipanue kiuno. Hasemi kwamba ni ya mkutano. Huitupa tu mezani, juu ya sare za shule ninazoshona, kisha husema, "Dada, hii imenibana kidogo," utadhani suti ndiyo iliyonenepa. Nami huipokea, nafumua mshono wa nyuma, naachia kidogo, naupiga upya. Mwaka huu nilimwambia kitambaa cha kuachia kimekwisha, na mwakani itabidi apunguze mkate au apunguze mikutano. Akacheka kwa puani. Jioni hiyohiyo nikamkuta uani anapaka viatu dawa, anasugua, anavitazama juani, anapaka tena.

"Si ulisema mwaka jana kwamba kule hutarudi tena?" nikamuuliza.

"Nilisema."

"Sasa?"

"Wamenipigia simu. Hawana mkalimani."

Kila mwaka hawana mkalimani. Na kila mwaka yeye huapa kwamba ameachana nao, kisha simu ikilia anasimama wima sebuleni kana kwamba aliyepiga anamwona.

Siku hizi ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo jeupe lenye pedali za ziada upande wa abiria, na huko ndiko anakoshinda, mguu juu ya breki, akisubiri mtu mwingine akosee. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki. Lakini kwa miaka kumi na minne alikuwa mchungaji, na enzi hizo jina lake la utani lilikuwa Aya kwa Aya. Alikuwa akichukua waraka mmoja wa Biblia na kuutafuna aya moja kila Jumapili, na mtoto aliyezaliwa siku alipouanza aliweza kuanza shule kabla hajaumaliza.

Mikutano ndiyo iliyomfanya hivyo. Ni mikutano ya wale ndugu wa Matengenezo, na kwa asiyewajua nieleze kwa kifupi. Ni Wakristo kama Wakristo wengine, ila wao hukazia kwamba Mungu alikwisha kuamua kila jambo kabla ya kuumba dunia, pamoja na nani atakuwa wake na nani hatakuwa. Wanaliamini hilo kwa furaha. Mimi nikilisikia nakosea mshono, wao wanaliimba kwa sauti nne.

Mara ya kwanza alikwenda kwa kualikwa na rafiki, akiwa amechoka. Kanisa lake lilitaka miujiza kila wiki, na yeye alikuwa akipayuka mimbarini mpaka Jumatatu sauti haitoki. Kule akakuta watu wazima wamekaa na daftari, wanasikiliza mahubiri ya saa nzima bila kelele. Alirudi na katoni ya vitabu na uso unaong'aa. Nisimwonee, alirudi mtu bora. Aliacha kupayuka, akaacha kuwatisha watu kwa ndoto zake, akawa anasoma mpaka tunamwita mara tatu aje kula. Nilimwonea fahari kaka yangu. Suti hiyo ya kijivu nilimshonea kwa mikono yangu, ya kwendea mkutano wa pili.

Mume wangu alikuwa fundi wa malori, mtu wa mikono myeusi na mdomo mwepesi. Kanisani alikuwa haingii, lakini kila Jumapili utamkuta uani kwa nyuma anaibembeleza jenereta, maana bila yeye ilikuwa ikizimika kwenye wimbo wa pili. "Shemeji," alikuwa akimwambia kaka, "sauti unapata kwangu, maneno utajitafutia mwenyewe." Au wakati mwingine, "Mpaka sasa ni aya ileile? Basi nikilala, niamshe ukifika nyingine." Kaka alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Walipendana wale wawili, nadhani kuliko walivyonipenda mimi. Mchana wa Jumapili walikuwa wakikaa sebuleni kwangu wanabishana juu ya mpira, mchungaji akiwa amelegeza tai na fundi akiwa na mafuta ya jenereta mpaka kwenye nyusi.

Jeki iliteleza. Zaidi ya hapo sitaki kusema. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na lori lilikuwa tupu, lakini lori hata likiwa tupu ni lori.

Kaka alikuwa ametoka mkutanoni siku tatu tu nyuma. Aliongoza mazishi, akayaongoza vizuri, sina la kumlaumu. Siku ya nne baada ya kuzika, wageni walipokwisha kutawanyika, alinikuta jikoni nasugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata. Nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu wanipigie simu kutoka gereji. Nilimuuliza, "Kaka, yuko wapi?"

Mtu mwingine yeyote angenyamaza au angedanganya. Kaka yangu alikwenda kwenye mkoba wake akatoa daftari. Nakuapia. Daftari la jalada jeusi, la mkutanoni, akalifungua akatafuta ukurasa kwa kidole, akasema, "Swali hili lilijibiwa siku ya Ijumaa." Akaanza kunisomea. Pointi ya kwanza ilihusu haki ya Mungu. Pointi ya pili naikumbuka neno kwa neno: "Tusijifanye kuwa na huruma kuliko Mungu. Kama marehemu hakuwa wake, basi utukufu wa Mungu umeonekana katika hukumu yake, na moyo wetu ujifunze kuridhika." Pointi ya tatu ilikuwepo, lakini sikuisikia. Nilikuwa nimetoka nje na sufuria mkononi.

Nilimchukia, na sina haja ya kulipamba neno hilo. Sikumtaka aniambie kwamba mume wangu yuko mbinguni anatengeneza magari ya malaika, mimi si mtoto. Nilitaka aseme "Sijui, mdogo wangu," akae chini kwenye sakafu ya jikoni tulie wote wawili, maana marehemu alikuwa wake pia. Neno moja tu, la bure. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena jambo lolote la Mungu, na yeye akaacha kuniita mdogo wangu. Ananiita dada, kama anavyowaita wanawake wote waliowahi kumpa mkono mlangoni mwa kanisa.

Miaka miwili baadaye kanisa lilimshinda, au yeye aliwashinda. Aliondoa kinanda. Aliwakataza watu kuja mbele kuombewa. Halafu akawaambia wazee wa kanisa, watu wenye wajukuu, kwamba hakuna atakayeendelea na uzee mpaka ajibu kwa moyo maswali yote mia na saba ya katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya imani. Mzee mmoja alifika swali la thelathini akavua miwani akasema, "Mchungaji, mimi nimezika watu wa kanisa hili tangu wewe unanyonya." Jumatano iliyofuata wakapiga kura ya kumwondoa. Kaka yangu alikuwa ofisini anaandaa aya ya Jumapili.

Na wale ndugu wa mkutano, waliokuwa wakimwambia asimame imara, alipoanguka walifanya nini? Walimtumia kitabu. Kitabu juu ya mateso, kurasa mia nne, na ndani yake kadi imeandikwa "Tunakukumbuka katika maombi." Hakuna aliyepiga simu. Siku ya kuhama nyumba ya kanisa, kabati tulilibeba mimi na yeye na wifi yangu, tukapumzika mara sita njiani. Walihamia vyumba vyangu viwili vya nyuma, na bado wako huko, ingawa wifi ni mpishi katika shule ya bweni na huonekana mwisho wa mwezi tu. Kile kitabu kiko chini ya mguu mfupi wa meza yangu ya kukatia vitambaa. Alikiweka mwenyewe, na meza haijacheza tena.

Mkutano ukiisha, kaka huja kula kwangu na kuwaiga wote, mmoja baada ya mwingine. Anamwiga anayefunga macho kabla ya kutaja neno "neema". Anawaiga vijana wenye ndevu mpya wanaobishana kwenye chai nani kasoma vitabu vinene zaidi. Anamwiga mgeni wa kutoka mbali, maana kila mwaka lazima awepo mgeni wa kutoka mbali, anayesema anawapenda sana ndugu zake wa hapa kisha anauliza kama chumba chake kina maji ya moto. "Wanajua kila kitu isipokuwa namba yangu ya simu," husema. Tunacheka. Halafu kesho yake asubuhi namsikia anaosha lile gari jeupe huku anaimba, kwa sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, wimbo wao, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na akifika mwisho anaurudia. Ni mtu anayelaani chakula huku akilamba kijiko, na nimechoka kumshangaa.

Mwaka huu, Jumamosi ya mwisho wa mkutano, alipita kibandani kwangu ninaposhonea asubuhi nimkaze kifungo cha koti. Alipoondoka akasahau miwani yake ya kusomea juu ya cherehani. Saa saba akanipigia.

"Dada, miwani. Nasoma kwa kubahatisha huku. Nimemrukisha mgeni aya mbili."

"Angekushukuru," nikamwambia. Lakini nilifunga kibanda nikaenda.

Ulikuwa ukumbi wa chuo, wenye viti vya plastiki na mapazia mazito yaliyofifia rangi upande wa jua. Mlangoni palikuwa na meza ya vitabu ndefu kuliko meza ya chai. Kila mtu alikuwa na kadi shingoni yenye jina na cheo, wachungaji kwa wazee kwa walimu. Ya kaka yangu iliandikwa MKALIMANI, basi. Hata jina hawakuweka. Nilimpa miwani, akaipangusa kwa tai, akasema, "Kaa kidogo, unywe chai, nitakurudisha kwa gari." Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sikuwa nimewahi kumwona kazini kule. Husimama hatua moja nyuma ya mgeni, na mgeni akimaliza sentensi yeye huitoa kwa Kiswahili, na anasema "mimi" kama mgeni anavyosema. Mgeni akisema ana wajukuu saba, kaka yangu naye anakuwa na wajukuu saba. Na alikuwa mzuri! Inaniuma kusema, lakini alikuwa mzuri. Sauti ilitulia, maneno yalikuja yenyewe, mikono ilifunguka. Miaka tisa nilikuwa nimemwona kaka yangu nusu tu, na nusu nyingine ilikuwa huku, inatoka mara moja kwa mwaka, siku tatu.

Saa nane kikaja kipindi cha maswali. Dada mmoja mwenye utepe begani akapita akigawa vipande vya karatasi na kalamu, ukiandika unatumbukiza katika katoni ya viatu iliyotobolewa mfuniko. Akanipa na mimi. Sikuwa nimekuja na nia yoyote, nilikuwa nimeleta miwani. Lakini mkono uliandika, na uliandika upesi, kwa mwandiko ninaoandikia vipimo vya wateja: "Mume wangu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mwema. Alikufa chini ya lori. Yuko wapi?"

Jukwaani walikaa watatu, mgeni, kaka, na Mratibu, yaani mkuu wa mkutano, mtu mpole mwenye sauti ya chini ambaye sijawahi kumsikia akisema neno baya, na bado simpendi. Kazi yake ilikuwa kusoma maswali. Akasoma la ubatizo, likajibiwa. Akasoma la mapepo, likajibiwa. Akachukua karatasi yangu akaisoma mara moja, polepole.

Kaka alipaswa kumfikishia mgeni swali kwa lugha yake. Alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Mratibu, kisha akatazama nyuma kabisa, kwenye kiti cha karibu na mlango. Tulitazamana. Halafu akageuka akamwambia mgeni swali langu, na japo lugha ile siijui, nilisikia lilivyokuwa fupi.

Mgeni alikuwa mzee wa nywele nyeupe, mwenye macho ya huruma. Kwenye maswali alikuwa hakatizi, anajibu mfululizo, kaka anaandika katika daftari, kisha kaka anatoa lote kwa pamoja. Akaanza. Akakunja kidole cha kwanza. Kaka akaandika. Akakunja cha pili, na hapo kalamu ya kaka yangu ikasimama. Mgeni akaendelea, kwa upole, akakunja cha tatu, akakunja cha nne. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, alichukua dakika nne. Kaka yangu hakuandika tena hata neno moja.

Zamu yake ilipofika alivua ile miwani niliyomletea. Akasema:

"Sijui. Mume wako yuko wapi, mimi sijui. Na aliyekwambia kwamba anajua, alikosea. Nakuomba umsamehe."

Akakaa.

Nyuma nyuma mtu akasema "Amina", na mwingine, na wanawake wawili mbele yangu wakatoa leso. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, bila haya, mbele ya watu nisiowajua, na yule dada wa utepe akanishika bega. Safu ya mbele watu walikuwa wanageukiana, wale wanaojua lugha zote mbili, na mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Lugha siijui, lakini kuhesabu najua. Mgeni alisema dakika nne, kaka alisema pumzi tatu. Sikujali. Nilikuwa nimesikia nilichosikia, na ilikuwa sauti ya kaka yangu.

Wakati wa chai watu walipanga foleni kumkumbatia mgeni. "Unyenyekevu gani huu!" nilimsikia mzee mmoja akisema. "Mtu aliyesoma kiasi kile, anasimama anasema sijui." Mgeni alikuwa akitabasamu na kupigapiga migongo, na usoni ilionekana wazi kwamba haelewi kafanya nini.

Kaka alinichukua mkono tukatoka nje hadi kwenye gari. Nilitaka kusema kitu, nilitaka kusema kwamba leo angekula kwangu, kwamba ningepika mwenyewe, na nilikuwa bado natafuta mwanzo wake pale Mratibu alipotufikia. Alitembea haraka, lakini sauti ilikuwa ileile ya chini.

"Ndugu yangu," akasema, "umefanya nini?"

Kaka akatafuta funguo mfukoni.

"Mgeni ametoa jibu kamili, la Maandiko. Watu mia tatu wanarudi makwao na jibu ambalo hakulitoa. Wanamkumbatia kwa maneno ambayo si yake. Mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie mkalimani alichoka."

"Si utani huu. Mkalimani hana lake." Akanitazama, akanisalimu kwa kichwa, hakujua mimi ni nani, akaendelea. "Kabla ya ibada ya kufunga, saa kumi, utasimama usahihishe. Utoe jibu zima. Ukifanya hivyo yataisha, mwakani tuko pamoja kama kawaida, na mimi nitakutetea. Usipofanya, ndugu yangu, nitakushukuru kwa miaka yote hii na hatutakuita tena."

Akatuacha. Kaka alikuwa ameegemea mlango wa gari, anachezea kile kikadi cha MKALIMANI, anakigeuza mbele nyuma. Nilijua ninachoweza kusema. Ningeweza kumwambia, "Nenda kasahihishe, kaka, nimekwisha kusikia, inanitosha." Ningekuwa nimempa ukumbi wake na nikabaki na neno langu. Lakini nilinyamaza, na nilinyamaza makusudi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeishi na daftari lile, nilitaka nione mara moja tu akinichagua mimi huku ananitazama.

Saa kumi alisimama.

"Ndugu zangu," akasema, "katika kipindi cha maswali nilikosea. Mgeni wetu hakusema kwamba hajui. Jibu lake ni hili."

Akalitoa lote. Daftari lilikuwa limefungwa mkononi mwake na hakulifungua. Kwanza, haki ya Mungu. Pili, tusijifanye kuwa na huruma kuliko Mungu, kama marehemu hakuwa wake basi utukufu wa Mungu umeonekana katika hukumu yake, na moyo wetu ujifunze kuridhika. Maneno yaleyale, mpangilio uleule. Sijui kama mgeni huyu alisoma shule moja na yule wa miaka kumi na moja iliyopita, au kama kaka yangu alikuwa anasoma tu kilichokuwa kimeandikwa kichwani mwake tangu siku ya jikoni. Safari hii nilisikia mpaka pointi ya tatu, na ya nne. Ya tatu ilisema tuwafariji wafiwa. Aliisema vizuri sana.

Watu wakasema "Amina", wachache kuliko mwanzo, ila zilikuwa nzito. Mgeni akamshika bega. Mratibu akapumua. Kisha wote wakasimama wakaimba wimbo wa kufunga, bila kinanda, mia tatu kwa sauti nne, na kuta zile mbovu za chuo zilijaa. Kaka yangu alikuwa kati yao amefumba macho, shingo imenyooka, anaishika ile sauti yake ya tena kama hakuna siku iliyowahi kumwendea vibaya. Alikuwa mwenye furaha. Nilimwona, na sikuweza hata kujidanganya kwamba anaigiza. Watu hawa hawakumbebea kabati, hawakuandika jina lake, na bado hapa ndipo alipokuwa nyumbani. Kwangu alikuwa mpangaji.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Yeye aliendesha, mimi nikakaa kiti cha abiria, ambacho kwenye gari lile ndicho kiti cha mwalimu.

"Angalia miguu," akasema, "usikanyage hizo pedali."

Nikavuta miguu nyuma. Tukapita sokoni, tukapita shule, tukaingia barabara yetu ya vumbi. Alikuwa anaongea, na akiwa na hatia huongea. Alisema mgeni alikuwa na haraka, alisema Mratibu si mtu mbaya, alisema mwakani wanaleta wageni wawili. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nililisema, dada. Ulisikia. Mara moja nililisema."

"Nilisikia," nikajibu. "Na la saa kumi nimelisikia."

Tulikuwa tumebakiza nyumba kama nne. Nikanyoosha mguu wa kulia nikakanyaga breki yake mpaka chini. Gari likaruka kidogo, likazimika katikati ya barabara, na vumbi tulilokuwa tumeliacha nyuma likatufikia likatupita. Alishika usukani kwa mikono miwili, kama wanafunzi wake wa siku ya kwanza.

"Kaka," nikasema, na hilo lilikuwa swali la kwanza la Mungu kumuuliza tangu siku ya sufuria. "La saa nane na la saa kumi, lipi ni lako?"

Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akatusalimu, hatukuitikia. Kaka yangu alitazama mbele, akatazama ile kadi ambayo bado alikuwa ameivaa.

"Sijui, mdogo wangu," akasema. "Haki ya Mungu, sijui."

Ndilo neno nililolingoja miaka kumi na moja, na aliniita jina langu la zamani, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Nikaondoa mguu kwenye breki. Akawasha gari, tukaenda nyumbani.